Ulimi wa Shangazi na Waini ya Wakwe

Katika ukoo wetu binti haolewi mpaka shangazi ameonja. Nasema shangazi, ingawa tunao watano, kwa sababu ukitaja hivyo tu huku kwetu Machame kila mtu anajua unamsema yupi: dada mkubwa wa baba, mjane, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na ulimi ambao hata wanaume wenye mvi wanauogopa. Wakwe wakija kuposa huleta mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Aliyeileta hunywa kwanza, mbele ya watu, kuonyesha kwamba hakuna kilichofichwa ndani. Kisha kata, kile kibuyu cha kunywea chenye mkono mrefu, hupewa shangazi. Anaonja, anakaa kimya kidogo, halafu anasema. Akisema ni nzuri, mazungumzo yanaanza. Akisema si nzuri, wageni wanashukuriwa, wanafungiwa ndizi za kuchoma za njiani, na wanarudi walikotoka pamoja na pombe yao.

Wenzangu wa kazini mjini Moshi huwa wanacheka nikiwasimulia. Wanadhani ni mchezo wa sherehe, kama ule wa kumficha bibi harusi. Mimi sicheki sana, kwa sababu niliwahi kurudishiwa mchumba.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa mtu wa Himo, ana maneno matamu na shati safi, na nyumbani kwao walikuwa watu wa biashara wasio na nafasi ya kukaa wakichemsha ndizi siku nzima. Mbege waliyoleta ilikuwa imekorogwa haraka, na sukari ndani yake ili ichachuke upesi. Shangazi aliionja, akaishikilia mdomoni, akameza. Akasema, "Hii imepikwa na mtu aliyekuwa na safari nyingine." Basi, ikawa imeisha. Wangeweza kurudi na pombe mpya na jani la isale la kuomba radhi, ndivyo inavyofanyika, lakini hawakurudi. Mwaka haukuisha, yule mtu akaoa kwingine.

Nilimkasirikia shangazi miaka miwili mizima. Sikumvunjia heshima, hilo kwetu haliwezekani. Nilimpa shikamoo yake kila tulipokutana kanisani, akaniitikia marahaba, kisha nikapita haraka kana kwamba nimeacha sufuria jikoni. Baadaye hasira ilichoka yenyewe. Kilichobaki ni woga.

Miaka ilipita. Nikapata kazi katika hoteli moja mjini, nikaanzia kufua mashuka, nikapanda hadi kuhudumia mezani. Wageni wetu wengi ni watu walioshuka mlimani na magoti yanayouma, na mtu aliyeshuka mlimani anataka vitu viwili, maji ya moto na kinywaji. Basi hoteli ikaleta mwalimu wa kutufundisha waini. Alikaa nasi siku tatu. Alitufundisha kushika glasi kwa shina lake, kuizungusha, kuingiza pua ndani na kusema mambo. Nilikuwa mwanafunzi wake bora. Nilijifunza kusema kwamba waini ina matunda meusi, ina ngozi, ina moshi kwa mbali, na mwisho wake ni mrefu. Mpaka leo sijui mwisho mrefu ni kitu gani hasa, lakini wageni walipenda sana nikiusema, nami nikavimba kichwa. Nyumbani nilianza kuizungusha hata chai.

Katika miaka hiyo ndipo nilipompata mume wangu, au tuseme ng'ombe wa shangazi ndiye aliyenipatia. Alikuwa bwana mifugo, amehamishiwa kwetu kutoka Dodoma, na siku moja nilipopanda kumpelekea shangazi sabuni na unga nilimkuta mkono wake mmoja umo ndani ya ng'ombe hadi begani. Akanisalimia kwa heshima zote akiwa katika hali ile ile. Sikujua niangalie wapi. Ndama alitoka salama, shangazi akampikia mtori wa ndizi na nyama, na mimi nikakaa kula nao ingawa nilikuwa nimeshashiba.

Tulipofika mahali pa kuongea mambo ya wazazi, alisema baba yake ni mkulima wa zabibu. Wana shamba dogo nje ya Dodoma, na mzee hutengeneza waini yake mwenyewe kwenye mapipa nyuma ya nyumba. "Kwetu hakuna ndizi," aliniambia. "Mzee anasema hawezi kwenda kununua mbege ya watu halafu aseme ni ya kwake. Ataleta alichokifanya kwa mikono yake."

Nilimpelekea baba habari hiyo nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Baba alifikiri, akakuna kidevu. "Pombe ni pombe," akasema. "Waje nayo. Lakini itaonjwa."

Na baba hajawahi kupita juu ya neno la dada yake, hata siku moja. Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikawa nimepata wazo ambalo mtu mwenye akili zake angelitupa.

Niliamua kumfundisha shangazi waini.

Msimamizi wangu wa hoteli aliniruhusu kuchukua chupa zilizobaki nusu, ambazo vinginevyo zinamwagwa au zinaishia kwenye mchuzi. Kila Jumamosi ya mapumziko nilizifunga kwa gazeti, nikapanda nazo Machame. Kwa shangazi nilisema ni zawadi. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama, kisha kabla sijamzuia akaishika chupa ya kwanza shingoni na kuitikisa kwa nguvu.

"Shangazi, hii haitikiswi."

"Kwa nini?"

"Machicha yanapanda."

"Sasa mtu akinywa bila machicha amekunywa nini?"

Ndivyo ilivyo kwa mbege. Ile ya juu ni nyepesi, ulezi wote umelala chini, usipoikoroga umempa mgeni maji. Kwa hiyo waini yetu ya kwanza tuliinywa ikiwa na tope, kwenye vikombe vya kahawa, nje ya jiko, ndama akitutazama. Shangazi alimeza, akaangalia juu kwenye migomba. Nilisubiri atukane.

"Inakausha ulimi," alisema. "Kama msesewe."

Msesewe ni yale magome ya mti tunayotia kwenye mbege ili iwe na uchungu kidogo na isiwe uji wa watoto. Nilishangaa. Mwalimu wetu wa hoteli alitumia asubuhi nzima kutueleza ule ukavu wa ulimi unatoka wapi, na nusu ya darasa hawakuelewa. Shangazi aliufikia kwa fundo moja.

"Umeipenda?" nikamwuliza.

"Sijui bado. Kwanza niache kuiuliza kwa nini si mbege. Nikimaliza hapo ndipo nitajua kama naipenda."

Nikamwuliza, basi ile ya kanisani je, mbona anainywa miaka yote. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ile siionji," akasema. "Ile napokea."

Wiki ya pili nilileta waini za aina tatu. Moja ilikuwa ya Afrika Kusini, nyekundu, chupa nzito ya kujivunia, ambayo mgeni mmoja alikuwa ameiacha karibu robo tatu kwa sababu mkewe aliumwa na kichwa. Ya pili nyeupe. Ya tatu ilikuwa ile ya boksi, ambayo tunampa mpishi, na niliileta kusudi ili shangazi aone tofauti. Nilikuwa nimepanga somo zima kichwani. Shangazi alisema vikombe vina vumbi, akaingia navyo jikoni pamoja na waini zote, akakaa humo kidogo, akatoka.

"Haya, mwalimu," akasema. "Fundisha."

Nikamimina kutoka kwenye chupa nzito. Nikazungusha kikombe, nikaingiza pua. Nikamweleza matunda meusi, nikamweleza ngozi, nikamweleza moshi. Nilipofika kwenye mwisho mrefu nilifumba macho kabisa. Kisha nikaonja ile ya boksi, nikakunja uso, nikasema hii ni nyembamba, haina kitu, unaona shangazi, mtu akizoea nzuri hawezi tena kurudi huku.

Shangazi alianza kucheka kimya kimya, mabega tu yakitikisika, halafu akashindwa, akashika nguzo ya jiko. Alikuwa amebadilisha. Ya boksi alikuwa ameitia kwenye chupa nzito, na ya chupa nzito ameitia kwenye boksi kwa kutumia mrija wa kuhamishia maji ya ndizi. Hata sijui aliwezaje kwa muda ule.

"Umeonja karatasi ya chupa," alisema alipopata pumzi. "Ulimi wako ulikuwa umekaa tu pembeni, haukuulizwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, kisha nikakasirika, na hasira zile za zamani, za Himo, zikanipanda zote kwa mkupuo. Nikasema maneno ambayo sikuyapanga. Nikamwambia yeye ni rahisi kucheka, kwa sababu si yeye aliyerudishiwa mchumba kwa ajili ya sukari. Nikamwambia wale watu wa Dodoma wanakuja, wanaleta waini, na kama ataionja kama alivyoionja ile mbege, mimi nitazeeka nikimimina waini ya watu wengine.

Shangazi aliacha kucheka. Hakunikemea. Aliokota vikombe kimoja kimoja akavipanga kwenye sinia.

"Kumbe ndiyo maana ya zawadi hizi zote," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi tufanye kazi. Lakini mwanafunzi ni wewe."

Kuanzia hapo tulionja kwa kanuni zake. Chupa zilibaki jikoni, vikombe vilitoka bila jina. Kila mmoja anaonja, anakaa kimya mpaka mwenzake amemeza, kisha anasema kilichomo mdomoni na si anachokijua. Ilikuwa marufuku kusema ngozi kama hujasikia ngozi. Mara ya kwanza nilikaa na kikombe changu bila neno lolote kwa muda mrefu, maana ukiniondolea maneno ya mwalimu nilikuwa sina kitu. Mwishowe nikasema, "Inanikumbusha karakara mbichi." Shangazi akaitikia kwa kichwa, na sijawahi kusifiwa na mteja yeyote nikafurahi kiasi kile.

Yeye alikuwa na maneno yake. Waini moja alisema inakimbia, ukiitafuta mdomoni imeshaondoka. Nyingine alisema imekaa kitako. Kuna nyekundu moja aliinusa akasema inanuka zizi, nami nikaanza kuitetea, akaninyamazisha kwa mkono: zizi la asubuhi, lililofagiliwa, ambalo yeye hulipenda kuliko manukato. Nyeupe hakuielewa mpaka siku tuliyoinywa na kiburu, zile ndizi zilizosongwa na maharage, na ghafla akaweka kijiko chini. "Inaosha," alisema. "Kila nikila nakuwa kama sijala, naanza upya." Akala sahani mbili. Ile chupa nzito ya Afrika Kusini, alipopewa bila kujua, aliipenda pia, na nilipomwambia ndiyo hiyo alisema haya, siyo kosa lake kuwa na chupa nzuri.

Nilikuja kutambua kwamba nilikuwa nimemdhania vibaya. Nilijua ni mkali, nikafikiri ukali ni kutopenda vitu. Kumbe alikuwa tayari kupenda chochote, ilimradi kiwe kimefanywa kwa moyo. Hata ya boksi aliitafutia sifa. Alisema ni ya kunywa ukiwa unamenya maharage na mtu unayempenda, wakati mnaongea sana na hamna haja ya kusikiliza kinywaji.

Jumamosi moja karibu na mwisho nilifanya ujanja. Mchumba wangu alikuwa ameletewa waini ya baba yake kidogo, kwenye chupa ya soda. Nikaichanganya katika safu ya vikombe, cha tatu kati ya vinne. Shangazi alipofika kwenye hicho aliongeza fundo la pili, jambo asilolifanya kamwe.

"Hii imetengenezwa na mtu anayelala karibu na shamba lake," akasema.

Nilitaka kumkumbatia. Nikajizuia, nikasema ni ya mahali fulani tu, nimesahau. Usiku ule nililala fofofo.

Wageni wakaja mwishoni mwa mwezi wa pili, jua la kiangazi likiwa kali hata huku kwetu juu. Walikuwa wanne: baba mkwe, shemeji yake wa kusema maneno, mama mmoja wa kanisani kwao, na mchumba wangu. Walikuwa wamefika mjini siku mbili kabla wakafikia kwa ndugu yao Kiboriloni, kwenye chumba cha bati juu na bati pembeni, na madumu mawili ya waini yalikaa humo humo. Kabla ya hapo yalikuwa yamesafiri ndani ya buti ya basi siku nzima. Haya nilikuja kuyajua baadaye. Asubuhi ile nilijua tu kwamba nilipowaona wakipita kwenye njia ya migomba, vifuniko vya madumu vilikuwa vimevimba.

Baba aliwapokea, wakakaa kwenye viti tulivyoazima kanisani. Baba mkwe alikuwa mzee mwembamba aliyevaa koti lililomzidi kidogo, na mikono yake ilikuwa na madoa ya zambarau yasiyotoka, kwenye kucha na kwenye mikunjo ya vidole. Kwetu binti mwenyewe ndiye hubeba kata ya kuonjea. Kwa hiyo niliitwa kutoka jikoni, nikapiga magoti mbele ya dumu, na yule shemeji wa mzee akafungua kifuniko.

Dumu likazomea. Harufu ikanifikia kabla ya waini.

Siki. Si dalili ya siki, si uchachu wa mbali ambao mtu mwema angeweza kuuita uchangamfu. Ilikuwa siki ya kutia kwenye kachumbari. Nikajaza kata, nikasimama. Kutoka kwenye dumu hadi kwa baba mkwe ni kama hatua nane, na katika hatua zile niliwaza mambo mengi. Niliwaza kwamba pale karibu na kiti cha mjomba wangu kuna shina la mgomba lililokatwa, na mtu akijikwaa hapo kata itamwagika, na watu watacheka, na labda dumu la pili litakuwa salama. Lakini harufu ilikuwa imeshatoka kwenye madumu yote mawili. Nikafika kwa mzee nikiwa sijajikwaa, nikampa kata kwa mikono miwili.

Alikunywa, kwa kuwa ndivyo alivyoelekezwa, aliyeleta hunywa kwanza. Nilimwona akimeza. Nilimwona pia shangazi, amekaa wima kwenye kiti chake na kitambaa cheupe kichwani, macho yake hayakumwacha mzee. Nilimsikia ng'ombe akitafuna.

Wengi wangesema ni nzuri. Ndilo jambo ambalo aliyeleta husema, karibuni, ni nzuri, kisha anamwachia mwonjaji mzigo. Baba mkwe alishusha kata, akaitazama ndani, akainuka.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema, ingawa alikuwa ameshawasalimu. "Naomba radhi. Hii imeharibika. Nilivyoitoa nyumbani ilikuwa nzuri, nilionja mwenyewe. Joto limeiua njiani na mimi sikuiangalia. Siwezi kuwapa hii nikawaambia ni waini."

Shemeji yake, yule wa kusema maneno, alimvuta koti. Mzee hakukaa. Mchumba wangu alikuwa ameinamisha kichwa hadi karibu magotini. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya watu, na machozi yalikuwa yameshaanza, sikuwa na hata mkono wa kuyafuta kwa kuwa mzee alikuwa amenirudishia kata.

"Lete," shangazi akasema.

"Dada, amesema imeharibika," baba akamwambia.

"Nimesikia. Nataka kuonja."

Nikampelekea. Alikunywa fundo kamili, si la adabu. Akalishikilia mdomoni kama anavyofanya, uso wake haukukunjika hata kidogo, akameza. Kisha akaongeza la pili.

"Kweli imeharibika," alisema kwa sauti ya kanisani. "Lakini ilikuwa nzuri. Chini huko bado ipo kidogo." Akamgeukia baba mkwe. "Nimeonja pombe za wakwe tangu wewe hujaota mvi. Wameniletea yenye sukari wakaniapia haina. Wameniletea ya juzi wakaniambia ya jana. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiambia pombe yake ni mbaya kabla sijafungua mdomo. Kaa, baba. Mtu kama wewe hata mahari akisema ni ndogo nitaamini ndiyo aliyo nayo."

Watu walicheka, hata baba. Kisha akaniambia nilete mbege yetu, ile tuliyopika kwa ajili ya kuwakaribisha, na akaagiza dumu moja lipelekwe jikoni. Wanawake waliitia ile waini kwenye kachumbari na kwenye mbavu za mbuzi, na mama wa kanisani kwao akaomba aandikiwe jinsi tulivyofanya. Baba mkwe alionja mbege kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alifikiri, akasema, "Inakuwa kama chakula na kinywaji vimegombana halafu vikapatana." Shangazi alimtazama kwa jicho la mtu aliyepata mwenzake. Waliongea habari za mapipa na magome ya miti mpaka baba akakohoa kuwakumbusha kwamba kulikuwa na posa.

Jioni, jua likiwa bado kidogo kwenye ncha za migomba, wageni walikuwa wameondoka na mimi na shangazi tulikuwa nje ya jiko tukiosha kata. Yeye alizisugua kwa mchanga, mimi nikazisuuza. Nikamwuliza kama aliitambua waini ile.

"Ile ya kikombe cha tatu," alisema. "Unafikiri mimi ni mjinga? Mtu anasahau waini imetoka wapi halafu uso unamwaka namna ile?"

Tulicheka. Kisha nikamwuliza swali nililolibeba tangu mchana. "Shangazi, kama yule mzee asingesema? Kama angesema ni nzuri, akakupa?"

Aliendelea kusugua. Alisugua mahali ambapo palikuwa pameshatakata.

"Ningesema ni nzuri," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliamua tangu asubuhi nikivaa. Hata wangeleta maji ya mfereji, ningeyameza na kusema ni mazuri." Aliinua kata, akaitazama ndani kama alivyofanya yule mzee. "Ile mbege ya Himo ilikuwa mbaya, na nilisema kweli, na ningesema tena. Lakini nilikuona ulivyokuwa unanipita pale kanisani. Sijawahi kudanganya juu ya pombe hata mara moja, mwanangu. Leo nilikuwa tayari. Yule mzee ameniponya."

Nilizishika kata zilizolowa kifuani, maji yakinipita kwenye nguo nzuri ya posa, nikalia waziwazi na wala sikuona aibu. Shangazi aliniacha nilie. Alimwaga maji machafu kwenye shina la mgomba, akajifuta mikono kwenye kanga, akanipa kata ya mwisho.

"Na wewe acha kujifanya mtakatifu," akasema. "Niliiona miguu yako ikitafuta mahali pa kujikwaa."